Madoa Yametoweka, Lakini Kangaja Hajapona

"Assalaam aleikum daktari. Niko Mombasa, Nyali, na nina tangi la maji ya bahari la lita 250. Lilikuwa na samaki wanne, vifuu watatu na kipepeo mmoja, pamoja na kamba wawili na mawe ya matumbawe. Mwezi uliopita nilinunua samaki mwingine, kangaja wa buluu, kwa mzamiaji mmoja, nikamtia tangini moja kwa moja. Siku ya tano akatoka vidoa vyeupe kama punje za chumvi, akawa anajikuna kwenye mawe. Nikampa chakula chenye kitunguu saumu, na baada ya siku nne madoa yote yakaisha. Nikashukuru. Wiki mbili baadaye yamerudi, safari hii kwa samaki wote, na kifuu mmoja amekufa. Rafiki yangu mmoja ananiambia nizidishe chumvi na joto. Wa pili anasema nitie mrututu. Wa tatu anasema ugonjwa huu haumtoki samaki wa bahari, nizoee tu. Maji nayachota mwenyewe ufuoni kila Ijumaa. Je, ni maji yaliyoniletea maradhi? Na nitumie dawa gani isiyoua kamba wangu?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Pole kwa kifuu, na shukran kwa kunieleza mpaka idadi ya siku, kwa sababu katika ugonjwa huu siku ndizo zinazosema. Siku nne madoa yakaisha, wiki mbili yakarudi kwa wingi: hesabu hiyo inanielekeza kwa kimelea kinachoitwa Cryptocaryon irritans, ambacho ndicho chanzo cha ugonjwa wa madoa meupe kwa samaki wa bahari. Kinachokusumbua moyoni, nikikusoma vizuri, ni kwamba ulimwona samaki amepona kisha akaugua tena, na sasa hujui uamini nini. Nianze hapo. Kangaja wako hakupona. Kimelea kilimaliza kula kwake, kikashuka chini kuzaa.

Kila punje nyeupe uliyoiona ni kimelea kimoja kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki. Kinajizungusha mle ndani, kinakula chembe za ngozi, kinanenepa. Ngozi yenyewe inakifunika kama blanketi, ndiyo maana karibu dawa zote za kutia majini hazikifikii kikiwa hapo. Baada ya siku 3 hadi 7 kimeshiba, kinatoka chenyewe na kudondoka. Hapo ndipo macho yako yanapoona samaki safi. Kimelea nacho kinatambaa kwa saa kadhaa juu ya mchanga, mawe au kioo, kisha kinajifunga ndani ya kifuko kigumu. Ndani ya kifuko kinagawanyika mara nyingi, na kifuko kimoja huweza kutoa watoto zaidi ya 200. Baadhi ya vifuko hupasuka baada ya siku 3, vingine baada ya wiki tatu au nne, na kuna vilivyowahi kuonekana vikikaa hadi siku 72. Watoto wakitoka wanaogelea kutafuta samaki. Saa za mwanzo ndizo zenye nguvu. Wasipompata samaki ndani ya siku moja au mbili, wanakufa.

Kuna jambo moja linanishangaza mpaka leo kila nikilieleza. Kimelea hiki hupenda kumtoka samaki gizani, na watoto wake pia hutoka kwenye vifuko gizani. Fikiria tangi lako usiku. Kangaja amelala kwenye tundu lake lilelile la kila siku, chini yake ndipo vifuko vilipoanguka, na alfajiri kabla hajaamka watoto wanapanda moja kwa moja juu yake. Kwenye miamba ya Nyali au ya Shimoni kimelea kipo, na samaki wengi huwa na kimoja viwili bila madhara. Lakini huko kuna maji kupwa na kujaa, kuna bamvua, kuna mkondo unaowatawanya wale watoto kwenye bahari yote. Wewe una lita 250. Tangi haliwatawanyi, linawarudisha kwa samaki yuleyule.

Ukishaielewa safari hiyo, ushauri wa marafiki zako unajipima wenyewe. Chumvi na joto ni tiba ya samaki wa maji matamu, ambao nao wana ugonjwa wa madoa meupe unaofanana kwa macho lakini unatokana na kimelea kingine kabisa. Kile hakipendi chumvi. Cha kwako kimezaliwa baharini, chumvi ndiyo kwao. Joto nalo litakiharakisha tu kuzaa, na maji ya moto yana oksijeni kidogo, wakati samaki wako mashavu yao yameshajeruhiwa. Kwa tangi la Mombasa, tena msimu wa kaskazi, tatizo huwa ni kupunguza joto wala si kuongeza. Kitunguu saumu huenda kikamfanya samaki ale vizuri zaidi, nami sina ugomvi na hilo, ila hakiui kimelea. Na yule aliyekuambia haukomi, mwambie kwa heshima kwamba amekosea: kimelea hiki hakiwezi kuishi bila samaki. Tangi lisilo na samaki kwa muda wa kutosha linasafika, na likisha kusafika hakizuki chenyewe. Samaki walionusurika hupata kinga kidogo kwa miezi kadhaa, kwa hiyo madoa yanaweza kupotea huku vimelea vichache vikibaki vimejificha mashavuni. Hicho ndicho watu wanachokiita "haukomi".

Mrututu, ambao una shaba ndani yake, nitaurudia. Kwanza maji.

Sidhani ni maji. Aliyeleta ni kangaja mwenyewe, na mazoea ya kumtia moja kwa moja. Maji ya bahari yaliyochotwa mahali pasipo na samaki wengi, yakachujwa kwa kitambaa kizito na kuwekwa kwenye chombo kilichofunikwa kwa wiki moja, yana hatari ndogo sana ya kuleta ugonjwa huu, maana watoto waliokuwemo watakuwa wamekufa kwa kukosa pa kushika. Wasiwasi wangu kuhusu maji ni mwingine. Chota yakiwa yamejaa, upande wa bahari wazi, si kwenye mkono wa bahari kama Tudor ambako kuna uchafu wa mji. Wakati wa masika usichote siku za karibu na mvua kubwa, kwa sababu maji ya mvua yanakaa juu na unaweza kurudi nyumbani na maji yaliyopungua chumvi bila kujua. Kipime kiwango kila mara. Bahari yetu kwa kawaida iko karibu na sehemu 35 za chumvi kwa elfu.

Kabla ya tiba yoyote, leo jioni nakuomba ukae mbele ya tangi na tochi. Mulika ubavuni, taa za tangi zikiwa zimezimwa. Ukiona punje zinazohesabika, kubwa kama chumvi ya mezani, tunaendelea na ninayoyasema hapa. Ukiona vumbi laini mno, kama unga uliochujwa, lenye rangi ya kijivu au dhahabu, tena samaki anahema haraka, anakimbia mwanga na kusimama mbele ya mkondo wa pampu, huo ni ugonjwa mwingine. Unasababishwa na Amyloodinium ocellatum, unaanzia mashavuni, na unaweza kumaliza tangi zima kwa siku chache. Huo hausubiri kesho, na njia mbili kati ya tatu nitakazozitaja haziufai. Jicho likiwa na ukungu na samaki anatikisa kichwa bila punje zozote, fikiria minyoo bapa ya ngozi. Dawa yake ni prazikwanteli, ileile inayotibu kichocho kwa watu, kwa miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita, na dozi hurudiwa baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu haiui mayai.

Tuseme ni madoa meupe. Swali lako ni dawa gani isiyoua kamba, na jibu langu la kweli ni kwamba sijui hata moja ninayoweza kukuambia uitie kwenye tangi hilo kwa amani. Zinazokiua kimelea zinaua kamba, na zisizoua kamba hazikimalizi kimelea. Basi usiitafute. Watoe samaki, uwatibu kando, na kamba na mawe yabaki yalipo. Kamba, kaa na matumbawe hawaambukizwi ugonjwa huu.

Njia ninayoipenda kwa mtu wa Mombasa ni ya kuwahamisha samaki, na sababu ni kwamba bahari iko mlangoni kwako. Mwenzako wa Nairobi ananunua kila kilo ya chumvi ya tangi. Wewe unahitaji mitungi na mgongo tu. Tafuta vyombo viwili vya plastiki safi visivyowahi kubeba kemikali, vya lita 100 kila kimoja, vipande vya bomba la plastiki wajifiche, na pampu mbili za hewa, moja kwa kila chombo. Jumamosi saa 4 asubuhi wahamishe samaki wote wanne kwenye chombo cha kwanza. Jumanne wahamie cha pili, Ijumaa warudi cha kwanza, Jumatatu cha pili, na Alhamisi wanatoka kwenda chombo cha kudumu ambacho hakijawahi kuguswa na maji ya tangi la ugonjwa. Kila safari wahi kidogo kuliko iliyotangulia, ili isipite saa 72. Hesabu ndiyo dawa hapa: kimelea kinadondoka ndani ya siku 7, na vifuko vinahitaji takriban siku 3 kupasuka, kwa hiyo kila ukihama unaviacha nyuma havijapasuka, na kufikia siku ya 12 hakuna kilichobaki mwilini.

Njia hii haina dawa lakini haisamehe uzembe. Mshike samaki kwa bakuli lenye matundu, maji yamwagike, ahamie yeye peke yake. Usichukue bomba, jiwe la hewa wala maji kutoka chombo cha zamani kwenda kipya. Chombo ulichokiacha kioshe kwa maji yenye klorini, kisuuze, kisha kianike juani mpaka kikauke kabisa. Jua letu linafanya kazi hiyo vizuri kuliko dawa nyingi. Lisha kidogo na utoe mabaki, kwa sababu chombo hakina chujio na amonia hupanda. Maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya zamani. Ukijumlisha na chombo cha mwisho utahitaji lita 500 hivi, yaani mitungi 25 ya lita 20 kwa siku 12, na maji yote hayo yawe yameshakaa wiki kama nilivyosema. Ni kazi, sikufichi. Lakini kangaja hawachukulii shaba vizuri, na kwa samaki wako ningechagua uchovu huu.

Njia ya pili ni kupunguza chumvi mpaka sehemu 14 hadi 16 kwa elfu. Kimelea hakiwezi kuhimili, samaki wenye mapezi wengi wanaweza. Ndoo 2 za maji ya bahari kwa ndoo 3 za maji matamu zinakupa 14. Matamu kweli, lakini: visima vingi vya mjini kwetu vina chumvi, na maji ya bomba yana klorini ambayo lazima uiondoe kwanza. Unashusha polepole kwa siku mbili, unakaa hapo wiki tatu kamili tangu doa la mwisho, kisha unapandisha polepole zaidi, kwa wiki nzima, kwa sababu kupanda ndiko kunakomuumiza samaki. Wanaoshindwa hushindwa kwa vipimo: wanafika 18, wanadhani wamefika 14, na kimelea kinaendelea na maisha yake. Bila refraktomita, yaani kifaa cha kupimia chumvi ya maji, iliyosawazishwa, usianze. Pia zimepatikana aina za kimelea hiki zilizozoea maji ya chumvi kidogo, na ule ugonjwa wa vumbi hausikii njia hii hata kidogo. Kwa hiyo naiweka ya pili.

Sasa mrututu. Rafiki yako hakosei kwamba shaba inaua. Inawaua wale watoto wanaoogelea, kabla hawajamfikia samaki. Haikigusi kimelea kilicho chini ya ngozi wala kilicho ndani ya kifuko, ndiyo maana inabidi ibaki majini bila kukatika kwa siku 30, ili kila anayetoka aikute. Kiwango cha shaba ya kawaida ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Chini ya hapo haitibu, juu yake inaanza kumuua samaki, na ukiona jinsi nafasi hiyo ilivyo nyembamba utaelewa kwa nini nasema: kama huna kipimo cha shaba mkononi, cha kupima kila siku, usiiguse. Mrututu wa duka la kilimo hujui usafi wake, nao si wa samaki. Shaba za dukani zilizotengenezwa kwa matangi zina viwango tofauti na hicho nilichokitaja. Fuata maelezo ya chupa na utumie kipimo kinacholingana nayo. Usiitie kamwe kwenye tangi lenye mawe ya matumbawe. Mawe yatainyonya, dozi itashuka bila wewe kujua, na kamba watakufa wote. Lakini kama uliyoyaona kwa tochi ni lile vumbi laini, geuza mpangilio wangu wote: shaba kwenye chombo cha kando ndiyo ya kwanza, leo.

Wengine huniuliza kuhusu klorokwini, ile iliyoachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini Kenya mwaka 1998. Inafanya kazi kwa vimelea hivi vyote viwili ikiwa safi na imepimwa na daktari wa samaki. Kusaga vidonge vya zamani na kuvimwaga majini ni jambo jingine, na nakusihi usilifanye.

Samaki wakishatoka, tangi lako kubwa linabaki bila samaki hata mmoja. Si kifuu mdogo wa kulitia tangi uhai, si yule anayeonekana mzima. Mmoja tu anatosha kukilisha kimelea. Mimi huwaambia watu siku 76, nikizidisha kidogo ile 72 iliyowahi kuonekana. Maji yetu ni ya joto na mzunguko huenda haraka, hivyo wapo wataalamu wanaoridhika na siku 45 ikiwa maji hayashuki chini ya digrii 27. Sioni kama wanakosea. Ila mtu aliyekwisha kufiwa na samaki, kama wewe, akinivumilia mwezi mmoja zaidi nalala vizuri. Endelea kuwalisha kamba kidogo ili bakteria wa chujio wasife njaa. Ndoo, neti na mikono inayotoka kwenye tangi hilo isiingie kwenye chombo cha samaki bila kukauka.

Kwa mgeni yeyote atakayekuja baada ya hapo, karantini ni siku 30 kwenye chombo chake, hata kama anang'aa kama sahani mpya. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako, na usimnunue anayehema kwa pupa au mwenye mapezi yaliyobanwa. Uliza pia amevuliwa wapi na kwa kibali gani. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa (Marine National Park) hairuhusiwi kuvua kabisa, na samaki aliyevuliwa kwa wizi mara nyingi ameshikwa vibaya, amekaa gizani ndani ya ndoo, na mwili wake hauna nguvu ya kupigana na chochote. Ukichoka na samaki wako, au akizidiwa, usimrudishe baharini.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Samaki akihema zaidi ya kawaida na kukaa juu ya maji, wakifa wawili ndani ya siku moja, kukitokea vidonda vyekundu, au ukifuata njia ya kuhamisha mpaka mwisho na madoa yakarudi, usiniandikie tena kwanza. Tafuta daktari wa mifugo anayejua samaki. Ulizia pia katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako hapohapo Mkomani, ni nani anayeweza kukuangalizia sampuli. Kinachotakiwa ni ute kidogo wa ngozi na kipande cha shavu chini ya hadubini. Dakika chache zinatenganisha magonjwa ambayo mimi na wewe tunayakisia kwa tochi. Peleka samaki akiwa hai, kwenye mfuko wenye maji yake na hewa, pamoja na chupa ya maji ya tangi. Akifia njiani mweke kwenye barafu bila kumgandisha na ufike haraka, kwa sababu vimelea huanza kumwacha mara tu anapokufa. Na waambie wa nyumbani mapema: kangaja ni kitoweo huku kwetu, lakini samaki aliyepitia shaba au dawa yoyote kati ya hizi haliwi.